Gari Lililokataa Kupanda

Jumanne ile, tarehe nane ya mwezi wa tatu, sikukuu ya wanawake, siku ambayo nusu ya wanawake wa Kalemie walikuwa wamevaa kitenge cha aina moja, Bonaventure alimzika mke wake na kurudi nyumbani na jina jipya. Asubuhi alitoka akiwa mfiwa. Jioni aliingia kwake akiwa muuaji. Katikati hapakuwa na kitu kingine ila mupando mmoja, njia ya mawe inayopanda makaburini, na gari moja.

Gari la maiti lilikuwa la bure. Mheshimiwa mmoja, wakati wa kutafuta kura, aliwapa watu wa mji minibasi nyeupe ya kubebea maiti, na kwenye kila mlango akabandika picha yake, anacheka meno yote nje. Familia ilitakiwa kuleta mazutu tu, mafuta ya gari. Kwa hiyo maiti yeyote asiye na jamaa mwenye uwezo alikwenda kaburini katikati ya vicheko viwili. Hakuna aliyelalamika. Kitu cha bure hakilalamikiwi, na wakubwa wanalijua hilo kuliko sisi.

Consolate alikuwa mama wa ndagala. Aliuza samaki wale wadogo pwani miaka yote ya ndoa yao, na mshahara wa Bonaventure wa reli ulipokuwa hautoki, ambayo ndiyo ilikuwa kawaida yake, nyumba ilikula ndagala na kuvaa ndagala na kusoma kwa ndagala. Alianguka na tension, presha ya damu. Hospitalini wakaandika dawa vizuri kabisa, kwa herufi nzuri, lakini mwenye ufunguo wa chumba cha dawa alikuwa amekwenda semineri ya kazi. Aliporudi na ufunguo wake, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya.

Kitenge cha tarehe nane Consolate alikuwa amekwisha kukinunua. Fundi alishona upande mmoja, wa pili bado. Wakamvika hivyo hivyo, upande uliobaki ukashikwa kwa pini.

Gari lilipofika barabara kubwa, likakuta imefungwa. Defile, maandamano ya wanawake, ilikuwa inapita, na wakubwa walikuwa wamekaa chini ya hema, kwenye viti vyenye vitambaa, katikati kabisa ya njia ya kwenda makaburini.

"Tungojee," alisema Rubens, dereva. "Mpaka wapite wote."

Bonaventure alikuwa amekaa mbele, amebanwa kati ya Rubens na shemeji yake Achille, kaka mkubwa wa marehemu, mvuvi aliyeshuka kwa boti kutoka kule Baraka, pwani ya kaskazini, aliposikia msiba. Nyuma yao lilikuwa sanduku, na pembeni ya sanduku walikaa Pascaline, binti pekee wa nyumba, na mama wawili wa ukoo. Nyuma ya gari watu wengine walikuja kwa miguu na kwa pikipiki. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua, lile jua la kulipiza.

Moteri ilikuwa inanguruma tu. Joto lilipanda kutoka chini ya viti, likaingia kwenye suruali.

"Zima basi," alisema Achille. "Mazutu yetu inaisha hapa tumesimama."

"Nikizima, Papa, sijui kama itakubali tena."

"Gari ya mheshimiwa, ikatae?"

"Iko na tabia yake," alisema Rubens, na macho yake yakaenda kwenye kioo cha pembeni, ambamo alionekana Valère, mtu wa biro, ofisi ya mheshimiwa, juu ya pikipiki, na tai yake. Valère alifuata kila maziko. Kazi yake ilikuwa kusimama kaburini na kusema kwamba mheshimiwa ameguswa sana.

Mama wa ndagala wakapita. Walikuwa mstari mzima, kitenge kile kile, na wa mbele akaliona gari. Akajua ni nani amelala ndani. Akaacha kuimba. Mmoja akataka kutoka mstarini aje aguse gari, polisi akamwonyesha fimbo arudi. Wakapita mbele ya hema wakipunga mikono kama walivyofundishwa, huku wanalia. Wakubwa nao wakawapungia. Walidhani ni furaha.

Njia ilipofunguliwa, moteri ilikuwa inachemka kama sufuria ya ugali wa fufu.

*

Mupando wa makaburi si mrefu, lakini ni mkali, na mvua ilikuwa imekula udongo ikabakiza mawe. Gari lilianza vizuri. Likafika karibu na nusu, kisha Rubens akakanyaga na moteri isiitike. Alikanyaga mpaka chini. Gari lilivuta pumzi, likakohoa, likatetemeka mpaka sanduku likagonga ukuta, halafu likanyamaza. Kilichosikika baada ya hapo kilikuwa kilio cha Pascaline tu.

Rubens akavuta breki ya mkono, vijana wakaweka mawe chini ya matairi. Akazungusha ufunguo. Moteri ikajizungusha, ikajizungusha, haikushika. Akajaribu tena, na tena. Watu wakashuka, waliokuwa nyuma wakafika, wakalizunguka gari. Wanaume wakajaribu kusukuma, viatu vikateleza kwenye tope.

"Amekataa," alisema mama mmoja wa ukoo wa marehemu.

Hakusema kwa sauti kubwa, ila neno lenyewe halihitaji sauti. Huko kwao, pwani ya kaskazini, sanduku hubebwa mabegani, na mara nyingine wabebaji husema limekuwa zito, halitaki kwenda, linawavuta kuelekea kwa mtu fulani. Marehemu ana neno. Mpaka yule mtu aseme, sanduku haliendi. Wote pale walikuwa wamelelewa na habari hizo. Hata Bonaventure, ambaye hakuwa wa kule, mwili ulimsisimka.

Achille akaweka mkono juu ya bati la gari, akautoa haraka. Lilikuwa linaunguza.

"Bonaventure. Mulikuwa na maneno gani na dada yangu?"

"Hakuna maneno. Hii ni gari, shemeji."

"Gari ilipita mji muzima. Ikuje kufa hapa, karibu ya shimo lake?"

"Muulize dereva."

Wote wakamtazama Rubens. Rubens alikuwa ameinama juu ya usukani. Kabla hajafungua mdomo, Valère alikuwa amekwisha kufika na pikipiki, anajipangusa jasho.

"Gari ya mheshimiwa haina shida hata moja," alisema Valère. "Ni gari mupya. Kama kuna shida, ni ya familia. Muimalize kati yenu, tafadhali, mimi niko na programu."

Rubens akafunga mdomo wake. Alikuwa na watoto, na ufunguo ule ndio uliowalisha.

Basi ikawa shida ya familia. Wakamtoa Bonaventure mbele, wakamsimamisha nyuma ya gari, milango ikafunguliwa. Jua lilikuwa limesimama pale pale. Mama wa ukoo wakaanza kusemezana: ni yeye alichelewa kumpeleka hospitali, ni yeye alitaka kuoa mwingine, mbona halii kama mwanaume anayefiwa. Wengine walitaja harufu, kwamba kwa jua hili sanduku halitangoja.

"Useme tu," alisema mama yule wa kwanza. "Yeye hataki mengine. Anataka kusikia kinywa chako. Utamuacha muke wako aozee njiani juu ya kiburi?"

"Niseme nini, Mama?"

"Unajua mwenyewe."

Bonaventure akamtafuta mtoto wake kwa macho. Pascaline alikuwa amejibana kwenye kona, karibu na kichwa cha mama yake, anamtazama. Hakuwa anamlaumu. Alikuwa anangoja, kama wote.

Mwanaume huyo, ambaye hakuwahi kupigia magoti hata padri kwa moyo mkunjufu, akapiga magoti juu ya mawe. Suruali ya msiba, aliyoazima, ikachanika. Akaweka mikono kwenye ukingo wa gari.

"Consolate," alisema. "Unisamehe. Yote niliyokufanyia, unisamehe. Uende mahali pako, mama."

Watu wakamwacha pale chini muda mrefu. Wingu lilikuwa limefunika jua. Upepo wa ziwa ukapanda mupando. Hatimaye Achille akamfanyia Rubens ishara.

Rubens akazungusha ufunguo. Moteri ikashika mara moja.

Watu wote walitoa sauti moja, kama mtu mmoja aliyetolewa mwiba. Wengine wakafanya msalaba. Gari likapanda mupando uliobaki bila kukohoa, na Bonaventure akalifuata kwa miguu, peke yake, hakuna aliyemkaribisha ndani.

*

Matanga hayakwisha vizuri. Achille alikunja mikeka, akamwambia Pascaline akusanye nguo zake.

"Mutoto hawezi kulala kwa muntu aliyekula mama yake," alisema. "Umesema mwenyewe, mbele ya watu. Miye sikukutilia neno kinywani."

"Mulinilazimisha."

"Ulikuwa na kisu shingoni? Ulisema, na gari ikawaka. Sasa uniambie nini?"

Hakuwa mtu mbaya, Achille. Alikuwa amempoteza dada aliyemlea mwenyewe, na alihitaji mahali pa kuuweka uzito ule. Alipanga chumba kule mtaa wa Kataki, karibu na boti zake, akakaa na mtoto.

Bonaventure akabaki na nyumba. Reli haikuwa na kazi, ila alikwenda kila asubuhi kukaa na wenzake kwenye mabogi yaliyoota majani, kungojea mshahara usiokuja. Walikuwa wanampisha nafasi kubwa kwenye benchi. Yule aliyekuwa anamwazima tumbaku akaacha kuvuta. Mama wa ndagala wakawa wakimwona wanafunika beseni. Hakuna aliyemtukana; tusi angeliweza kulijibu.

Kilichomwamsha ni habari ya mtoto mchanga. Alikuwa kwenye benchi lake, wenzake wanaongea kwa upande wao: kwenye mupando wa makaburi gari limekataa tena. Sanduku lilikuwa dogo, mtu anaweza kulibeba kwapani. Wakambana baba, wakambana mama, wakapiga magoti wote wawili na kulia, ndipo likawaka.

"Mutoto wa siku ngapi?" aliuliza Bonaventure.

Walishtuka kumsikia. "Hakufikisha hata wiki."

"Hata jina hakuwa nalo bado?"

"Hapana."

"Sasa yule," alisema Bonaventure, "yule alikuwa na neno gani na nani?"

Akasimama.

*

Rubens alikuwa analilaza gari kwenye garaji ya Doudou, ng'ambo ya daraja la mto Lukuga, uwanja wa mafuta meusi na maboneti yasiyo na magari. Doudou alikuwa mnene, mcheshi, na mwongo wa kawaida wa mafundi: kila gari kwake lilikuwa litapona kesho.

"Papa Bona," alisema, akijifuta mikono. "Pole sana. Nimesikia."

"Umesikia nini?"

Doudou akatazama pembeni.

"Nataka kujua gari hii iko na ugonjwa gani," alisema Bonaventure.

Rubens, aliyekuwa amelala kwenye kiti cha nyuma, pale pale masanduku yanapokaa, aliinuka. Alitazama kama Valère yuko karibu. Kisha akaingia mbele, akazungusha ufunguo, akabandua kitu kwenye dashibodi. Ilikuwa plasta nyeupe ya hospitali, ile ya vidonda. Chini yake taa ndogo ya rangi ya chungwa, ile inayosema moteri ni mgonjwa, ilikuwa inawaka.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya kura. Nilienda kwa biro kuwaambia. Wakasema mheshimiwa anakuja kupiga picha ndani ya gari, taa isionekane. Wakanipa plasta." Rubens aliikunja plasta ile kidoleni. "Ile siku nilitaka kusema, Papa. Mungu ananiona."

"Mungu alikuona. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, sikukuona."

Doudou alifungua moteri. Kwanza alilaumu mazutu, kwamba ile inayokuja na mitungi kutoka Kigoma imechanganywa na maji. Wakamwaga, wakaweka safi, gari likafa pale pale. Akalaumu filta. Akabadilisha filta. Likafa. Akalaumu pompa ya mazutu, akaifungua yote, akaitandaza juu ya gunia kama mama anayeanika mihogo, akairudisha. Likafa. Bonaventure alikuja kila siku, akakaa juu ya tairi bila kusema, na ile kukaa kwake ilimchosha Doudou kuliko matusi.

"Asubuhi inapanda," Doudou alijisemea. "Ikipoa inapanda. Ikipata moto inapoteza nguvu, inakufa. Iko kama bibi yangu."

Siku moja lilikufa uwanjani kwa joto, na Doudou kwa hasira akatupa kopo la maji juu ya moteri, apooze apate kushika. Maji yakaingia chini, upande wa nyuma. Rubens akajaribu ufunguo bila kutegemea. Likawaka.

Wote watatu wakatazamana. Wakaliacha lipate moto tena, likafa tena. Doudou akalala chini ya gari, akamwaga maji kidogo mahali pamoja tu. Likawaka. Akafungua skurubu moja, akatoka na kitu kidogo chenye waya, cheusi, ukubwa wa kidole gumba.

"Kapteri," alisema. "Kinakaa kinatazama moteri inavyozunguka, kinaambia ubongo wa gari: imefika hapa, tuma mazutu. Kikipata moto sana, macho inafunga. Ubongo haujui tena utume lini. Kikipoa, kinaamka." Akakipima mkononi. "Hiki njo kilikupigisha magoti, Papa Bona."

Bonaventure akakichukua. Hakikuwa na uzito wowote.

"Kingine kinapatikana wapi?"

"Kigoma, ao Lubumbashi. Biro waagize. Rubens awambie, ni kitu kimoja tu."

*

Kwenye biro ya mheshimiwa alingojea kwenye ngazi mpaka watu wote waliovaa viatu vizuri walipokwisha kuingia na kutoka. Valère alimpokea akiwa amesimama, ili asije akakaa.

"Sitaki kitu," alisema Bonaventure. "Uje tu kwa shemeji yangu useme kama gari ilikuwa na ugonjwa, na mulijua."

"Papa, wewe ni mutu muzima. Unataka niende kutangaza kama gari ya mheshimiwa ni mubovu?"

"Watu wanaitwa wauaji."

"Na wanazikwa bure. Nani mwingine anawazika bure?" Valère alifungua kabati. "Shika. Hii ni ya wale wazee tunaowaheshimu."

Alimpa kofia. Mbele yake kulikuwa na uso wa mheshimiwa, anacheka. Bonaventure alijikuta nje ameishika mkononi, na ilimuuma zaidi kwamba alisema merci, asante.

*

Achille alikataa kuja kulitazama gari mara ya kwanza, na ya pili. Mara ya tatu alikuja, labda kwa kuchoka kumwona yule mwanaume amesimama kando ya boti zake. Alikuja na Pascaline, ameshika mkono wake. Mtoto alikuwa amekonda, na alikuwa amesukwa nywele kwa namna ya watu wa kule, namna ambayo mama yake naye alisuka.

Waliliacha gari lingurume juani chini ya mupando, tupu, hakuna sanduku, hakuna maiti. Kisha wakapanda wote. Karibu na nusu, Rubens akakanyaga, na gari likavuta pumzi, likakohoa, likatetemeka. Likafa.

Achille alitazama nyuma, mahali pa sanduku. Hapakuwa na kitu.

Doudou aliingia chini. Alikitoa kile kidude, na kwa kuwa kilikuwa kinaunguza, Bonaventure akampa kofia ya mheshimiwa akishikie. Kikapoozwa kwa maji, kikarudishwa. Rubens akazungusha ufunguo. Moteri ikashika.

"Zima," alisema Achille. Rubens akazima.

Kule chini ziwa lilikuwa limetanda mpaka mwisho wa macho. Achille alikaa juu ya jiwe, moja ya yale mawe yaliyowekwa chini ya matairi siku ile, akajishika kichwa.

"Nimeona," alisema. "Miye nilikuja Kalemie kuzika dada, si kuharibu nyumba ya muntu. Nimeona." Halafu, polepole, kama anayevuta wavu asiotaka kujua una nini: "Mbele ya watu wa Kataki nitasema. Wale mama wa ukoo nitawaambia. Mutoto achukue nguo zake, arudi."

Bonaventure akamnyooshea Pascaline mkono.

Pascaline hakuushika. Alikuwa anatazama chini, pale kwenye mawe, nyuma ya gari, mahali hasa ambapo baba yake alikuwa amepiga magoti. Alikuwa mtoto wa shule, mwenye akili, mama yake aliuza ndagala ili awe hivyo.

"Papa," alisema, "kama ilikuwa gari tu, wewe ulikuwa unamuomba mama akusamehe nini?"